Homa ya nguruwe: Ugonjwa usio na tiba

HOMA ya nguruwe ya Afrika ni maradhi ya virusi yaliyoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na R. E. Montgomery, mwaka wa 1921. Virusi hivyo huishi mwilini mwa ngiri bila kumdhuru, na huenezwa na papasi wanaojificha katika mashimo yake.

Nguruwe wa kufugwa hushikwa na homa kali, hukataa chakula, hupata wekundu masikioni na tumboni, na wengi hufa kwa siku chache. Tiba haipo. Binadamu haambukizwi.

Kwa wafugaji wa Bungoma na Kitale, karibu na mpaka wa Uganda, hatari kubwa si ngiri bali ni biashara. Virusi vya milipuko ya Kenya ya 2006 na 2007, na vya Uganda ya 2007, vilipatikana kuwa vya aina moja. Mfugaji anayeuza haraka nguruwe mgonjwa ili kukwepa hasara humpelekea jirani maradhi, kupitia nyama na makombo yasiyochemshwa. Aidha, nguruwe aliyechinjwa kwa siri hachukuliwi damu ya kupimwa katika maabara.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, humtaka mfugaji kutoa taarifa mapema. Kinga ni kuwafungia nguruwe bandani na kuzika mizoga.