Paka na Mipaka Yake

Katika historia ya wanyama wa kufugwa, paka ana jambo lake la peke yake. Ng'ombe na mbuzi walitiwa zizini, na binadamu akawachagulia madume. Paka aliingia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na hata leo mipaka ya makazi yake na mwenzi wa kuzaa naye huvichagua yeye. Asiyelijua jambo hili humwona kuwa mzururaji asiye na shukrani.

Chanzo cha ujirani huo ni nafaka. Hapo kale, watu wa Mashariki ya Karibu walipoanza kulima na kuweka akiba, panya waliyafuata maghala, na paka mwitu wakawafuata panya. Mwaka 2004 Jean-Denis Vigne na wenzake walieleza habari za kaburi la huko Kupro, ambamo paka alizikwa karibu na mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake, baada ya kupima nasaba za paka 979, walionyesha kwamba asili ya paka wa nyumbani ni paka mwitu wa nchi hizo za Mashariki ya Karibu.

Basi paka alalaye jikoni Lyamkena, katika mji wa Makambako, ni mgeni kwa asili, ijapokuwa kimburu, nduguye wa porini, ni mwenyeji wa Afrika. Mahindi anayoyalinda nayo ni mageni, kwani yalitoka Amerika. Nyanda hizi zilikuwa za ulezi kabla ya mahindi kuenea. Na tangu reli ya TAZARA ilipokamilika katika miaka ya 1970, Makambako imekutanisha reli na barabara kuu, na biashara ya nafaka imestawi. Penye magunia hapakosi panya, na penye panya paka hufanya makao.

Makao hayo yana sheria zake. Paul Leyhausen, mtaalamu wa Kijerumani aliyechunguza jambo hili katika miaka ya 1950, aliona kwamba paka wengi waweza kutumia njia moja, ila kwa zamu: mmoja hupita asubuhi, mwingine jioni, wasikutane. Jike hukaa karibu na chakula na watoto wake, na majike wa ukoo mmoja huweza kunyonyeshana watoto. Shume huzunguka eneo kubwa zaidi, likipita juu ya maeneo ya majike kadhaa, naye huacha alama ya mkojo ukutani na mlangoni. Mwenye nyumba huita uchafu. Kwa paka mwingine hiyo ni barua.

Katika uzazi, jua ndilo mwamuzi. Huko Ulaya, siku zinapokuwa fupi majike wengi hupumzika. Lyamkena iko yapata nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kwa muda wa saa moja hivi tu. Kwa hiyo jike aweza kuzaa wakati wowote wa mwaka. Yai lake hutoka baada ya kupandwa, naye huweza kupandwa na madume kadhaa, hata watoto wa uzao mmoja wakawa na baba mbalimbali. Mimba huchukua siku 65 hivi.

Hapa ndipo penye hasara. Watoto wakizidi, hutupwa njiani. Lakini eneo lenye chakula likiachwa wazi, paka wengine huja kulishika, na uzazi huanza upya. Panya wakitegewa sumu, paka alaye panya yule hufa pamoja naye. Tena shume wa mjini afikapo porini huzaa na kimburu, na damu ya mwenyeji ikachanganyika hata ikapotea. Dawa yake ni kuhasi mashume na majike, na kuwaacha wale waliokwisha kushika mipaka yao waendelee kuilinda. Paka hakuwahi kutiwa zizini. Atakaye kuishi naye kwa faida hana budi kwanza kuijua mipaka yake.