Kabla ya Ufaransa: Miaka ya Okumu Ambayo Hakuna Mtu Huposti

Hapa Kware kila mtoto ni straika. Nenda Jumapili kwa uwanja wowote wa vumbi uliobaki katikati ya hizi gorofa, uulize watoto wanataka kuwa nani. Utasikia Olunga, utasikia Saka, utasikia Mbappé. Beki ni yule aliyeambiwa "wewe kaa nyuma" juu hakukuwa na mahali pengine pa kumweka.

Leo nataka tuongee historia ya mtu wa nyuma: Joseph Okumu. Na sianzi na Ufaransa, juu huko ndiko kila mtu huanzia. Mitandaoni ameandikwa kwa mstari mmoja tu: beki wa kati, Mkenya, alijiunga na Reims 2023. Ukisoma hivyo utadhani alipanda lifti. Wacha nikuonyeshe ngazi.

Alizaliwa Kisumu, Mei 1997. Kwa Ligi Kuu alitokea 2014 akiwa na Chemelil Sugar. Kama hujui, Chemelil ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari, huko kwa mashamba ya miwa. Mpira wetu umejengwa hivyo miaka mingi: Tusker ni bia, Ulinzi ni jeshi, Posta Rangers ni posta, Chemelil ni sukari. Ubaya wake ni kwamba kampuni ikiugua, timu nayo inakohoa. Chemelil wenyewe walishuka ligi 2020. Kijana wa miaka 17 anayetaka mpira uwe kazi ya maisha hawezi kukaa hapo akingoja miwa ikomae.

2016 akaenda Afrika Kusini, Free State Stars, timu ya mji unaoitwa Bethlehem. Hiyo njia haikuwa mpya kwa mabeki wetu. Bobby Ogolla alikuwa ukuta wa Gor Mahia ile 1987 walipoleta Kombe la Washindi Afrika hapa Kasarani mbele ya Espérance ya Tunisia, na bado wengi wa kizazi chake walimalizia mpira hapa nyumbani. Musa Otieno naye alienda Cape Town miaka ya tisini, akakaa na Santos zaidi ya miaka kumi, akachukua ligi nao 2002, na 2004 akawa kapteni wa Harambee Stars kwa AFCON ya Tunisia. Kwa hivyo Okumu kushuka kusini ilikuwa sawa kabisa. Kila mtu angesema kijana amepanda.

Halafu inakuja 2018, mwaka ambao hakuna mtu huposti.

2018 Okumu alicheza AFC Ann Arbor, Michigan, Marekani. Hiyo ni ligi ya daraja la nne. Inachezwa msimu wa joto, na wachezaji wengi ni wanafunzi wa chuo waliofunga shule. Fikiria. Umetoka ligi kuu ya Afrika Kusini, umeshalipwa kwa mpira, sasa unapanga ukuta na wasee ambao Septemba wanarudi lekcha. Angekuwa wa mtaa wetu tungesema nini? "Ameisha huyo." Na tungesema kwa sauti, nje ya duka, mamake akipita.

Mimi hiyo sauti naijua. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo iliisha kabla masomo yaishe. Stori ilifika kwa ploti kabla mabegi yangu hayajafika gorofa ya tano. Mathe hakuniuliza kitu, alinipakulia tu. Lakini hadi leo nikishuka na simu na stendi yangu kwenda kurekodi, kuna mtu lazima aulize, "Na shule?" Ndio maana nilipopata huo mwaka wa Ann Arbor kwa historia ya Okumu, niliusoma mara tatu.

Juu angalia kilichofuata. Huo huo 2018 akachukuliwa na Real Monarchs, kikosi cha pili cha Real Salt Lake, daraja la pili huko Marekani. Bado si jina kubwa. 2019 akaitwa kambi ya Harambee Stars Ufaransa, kujiandaa na AFCON ya Misri. Beki aliyetarajiwa kuanza alikuwa Brian Mandela. Mandela akaumia goti mazoezini, akatoka. Kocha Sébastien Migné akamweka Okumu.

Miaka 22, AFCON ya kwanza, na kundi lilikuwa hivi: Algeria, Tanzania, Senegal. Tukapigwa 2-0 na Algeria ya Mahrez. Tukapiga Tanzania 3-2, ile mechi ambayo Johanna Omolo, kijana wa Dandora, alisawazisha kwa kichwa na Olunga akamalizia. Tukapigwa 3-0 na Senegal ya Mané. Tukarudi nyumbani. Lakini kumbuka fainali ya mwaka huo ilikuwa nani na nani: Algeria na Senegal. Beki wa daraja la pili alifanyiwa mtihani na timu zote mbili za fainali, na wenye macho waliona. Agosti 2019 akaenda Elfsborg ya Sweden. 2021 Gent, Ubelgiji. 2023 Reims.

Kuna watu husema alibahatika, Mandela asingeumia tusingemjua. Ni kweli mlango ulifunguka kwa maumivu ya mwingine, na hiyo tusiifiche. Lakini mlango ulimpata amesimama hapo, miguu ikiwa na mechi za Michigan na Utah. Angekataa Ann Arbor kwa sababu ya aibu, 2019 angekuwa anatazama kwa TV kama sisi.

Na Mandela? Watu walimzika mapema pia. Alipona, na 2020 akasajiliwa na Mamelodi Sundowns, akashinda ligi nao. Mabeki wawili, goti moja, na hakuna aliyeisha.

Sisemi kila anayerudi nyuma atafika Reims. Wengi hawafiki, na hata mimi sijui hii simu itanifikisha wapi. Ninachosema ni hiki: tuache kuandika mwisho wa mtu akiwa daraja la nne. Jumapili ukipita uwanjani, muulize yule dogo wa nambari tano jina lake. Hakuna mtu amewahi kumuuliza.