Nafasi au Jina: Namna Lugha Nne za Programu Zinavyoita Fanksheni

Katika lugha ya C, fanksheni iitwayo memset hujaza sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta. Hupokea vitu vitatu, viitwavyo vigezo, kwa mpangilio maalumu: mahali pa kuanzia, thamani ya kujaza, kisha idadi ya baiti. Ukiandika memset(p, 0, 100), baiti 100 zinakuwa sifuri. Ukipishanisha namba mbili za mwisho, hakuna hata baiti moja inayoguswa. Kanuni za lugha hazijavunjwa, maana zote ni namba kamili. Mzigo wa kukumbuka nafasi ameachiwa binadamu.

Smalltalk, iliyobuniwa Xerox PARC katika miaka ya 1970, ilikataa kumtwisha mzigo huo. Kuweka 7 katika nafasi ya 3 ya orodha huandikwa: orodha at: 3 put: 7. Maneno at: na put: kwa pamoja ndiyo jina la operesheni, hayaachwi wala hayapishani. Objective-C iliupokea mtindo huo, na Swift ya Apple (2014) ikaurithi.

Ada, iliyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kusanifishwa mwaka 1983, humpa mwitaji hiari. Akitaja majina, Urefu => 40, Upana => 25, anaweza hata kuanza na upana. Lakini uhuru huo una gharama: mwenye fanksheni akibadili Urefu kuwa Kimo, kila programu iliyotaja Urefu inakwama. Jina likishatumiwa na wengine, limekuwa ahadi. Katika C ahadi hiyo haipo, na jina la kigezo hubadilishwa bila kumsumbua yeyote.

Python ndiyo iliyopima pande zote mbili. Toleo la 3.0 (2008) lilimwezesha mwandishi kulazimisha jina. Toleo la 3.8 (2019) likampa alama ya kulizuia. Katika sorted(majina, reverse=True), orodha haitajiwi jina kwa sababu inajieleza, ila reverse ni lazima itajwe. True peke yake ingemwambia nini msomaji?

Naona huo ndio uamuzi wa haki. Namba mbili za aina moja, na kila ndiyo au hapana, zitajwe kwa majina, kinachojieleza kiachwe. Anayeruka jina huokoa sekunde chache, na anayekuja kurekebisha programu baada yake ndiye anayezilipa, tena kwa riba.