Kutoka Mwenge hadi Kitochi: Historia ya Mwanga wa Mkononi na Maneno Yake

Mwezi uliopita niliingia katika duka la vifaa vya umeme kununua tochi. Kijana muuzaji akanitolea moja yenye boksi la kumetameta. Juu ya boksi paliandikwa kwamba tochi hiyo ina nguvu ya wati 8,000, na betri yake ujazo wa miliampea-saa 9,900. "Mwalimu," akasema kwa heshima, "hii ina moto kwelikweli." Nikamwuliza, moto kiasi gani? Akaiwasha, akamulika dari, akanitazama kana kwamba swali limekwisha kujibiwa.

Sikumlaumu. Sisi sote tunalo neno hilo moja, *moto*, kwa mambo matatu yaliyo tofauti. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba historia ya mwanga wa mkononi ni historia ya maneno pia, na kwamba mahali lugha ilipotutupa mkono, ndipo muuzaji wa bidhaa bandia alipojipatia nafasi.

Tuanze na kale. Kabla ya betri, mwanga uliobebwa mkononi ulikuwa moto wenyewe, nao ulikuwa na majina mengi. Kulikuwa na *mwenge*, mkungu wa majani makavu au vijiti vilivyofungwa pamoja. Pwani ikatupa *kandili* na *fanusi*, maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu. Kandili limetoka katika *qandil* ya Kiarabu, nayo ikatoka katika *candela* ya Kilatini, ambayo pia ndiyo iliyozaa neno la Kiingereza la mshumaa. Kwa hiyo kandili letu na mshumaa wa Mwingereza ni ndugu waliotengana zamani wakakutana Zanzibar bila kutambuana. Kisha mafuta ya taa yakatuletea *chemli* ya kioo, *karabai* ya kupampu, na kile kitaa cha maskini kilichotengenezwa kwa kopo na utambi, ambacho wengine tuliita *koroboi* na wengine *kibatari*. Kila jina lilitaja kifaa chake barabara. Mtu akisema karabai, hukufikiria koroboi.

Tochi ilizaliwa mbali na kwetu. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga sahani za metali mbili tofauti, moja juu ya nyingine, akiweka kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme usiokatika upesi. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché akatengeneza seli ya zinki na manganizi, lakini ilikuwa na majimaji ndani ya chupa, haikufaa kutembea nayo. Ni Mjerumani Carl Gassner aliyeigeuza kuwa kavu na kuipatia hataza mwaka 1886. Hapo ndipo umeme ulipoweza kutiwa mfukoni. Tarehe 10 Januari 1899, David Misell, Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, alipewa hataza ya bomba lenye seli kavu ndani, balbu upande mmoja na kioo cha kuakisi nyuma ya balbu.

Balbu za wakati ule zilikuwa na uzi wa kaboni, na seli zilikuwa dhaifu. Mtu aliwasha kidogo, akazima ili seli zipumzike, akawasha tena. Kwa sababu hiyo Wamarekani wakakiita kifaa hicho kwa neno lao la mmweko, yaani mwanga unaowaka na kuzimika mara. Waingereza wao walichukua neno la kale la mwenge, wakakipa kifaa kipya jina la kitu cha zamani. Nasi tuliokuwa chini ya Mwingereza tukapokea neno lake tukalitamka *tochi*, huku kamusi zikitupatia *kurunzi* pia. Lakini angalia tulivyofanya: hatukuuacha mwenge. Alexander Nyirenda alipousimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, Desemba 1961, hakuna aliyedhani amepeleka tochi kileleni. Mwingereza ana neno moja kwa vyote viwili. Sisi tuna mawili. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kila neno la kukopa ni hasara.

Miaka ile nikiwa kijana mwalimu wa Kiswahili, mimi nilikuwa mmoja wao. Mwanafunzi aliyeandika *tochi* kwenye insha nilimkata alama, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "kurunzi". Leo ningemwachia.

Na betri je? Neno hilo nalo lina kisa. Mwaka 1749 Benjamin Franklin wa Marekani aliunganisha chupa kadhaa za kuhifadhia umeme, akaliita kundi hilo kwa neno la kijeshi lililomaanisha safu ya mizinga. Kwa asili basi betri ni kundi, na kimoja pekee ni seli. Watu wetu hawakungoja somo hilo. Walishika kile kitu kizito, cha duara, kigumu, wakakiita *jiwe*. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Ni jina la macho na mkono, na lina ukweli wake: ndani yake mna zinki, manganizi na kijiti cha makaa, vyote vimetoka ardhini.

Mawe hayo yalitengenezwa hapa hapa. Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda cha betri za National, na Nakuru, Kenya, kulikuwa na cha Eveready kilichofungwa mwaka 2014. Hata hivyo, mimi nilisomea ualimu katika miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera, na katika miaka ile jiwe jipya lilikuwa kitu cha kutafutwa. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, bidhaa zilizofichwa zilionekana zikitupwa hata vichakani. Aprili 1984, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kifo cha Sokoine, chuoni tulikusanyika kuizunguka redio moja ambayo mawe yake yalikuwa yakikata roho, tukainamisha vichwa kusikia.

Tulijua hila zote. Tulianika mawe juani, na kweli yalipata uhai wa saa moja mbili. Sababu si muujiza. Joto huharakisha kazi ya kemikali, na mapumziko huipa seli nafasi ya kuondoa kile kilichoizingira ndani. Lakini kopo la seli hiyo ni zinki, na zinki ndiyo inayoliwa kila tochi inapowaka. Jiwe lililoanikwa mara nyingi hutoboka likatoa maji yake ya kemikali, yakala springi na kutu ikaua tochi. Jiwe likifa kabisa tuliliponda, tukachanganya unga wake mweusi na majani mabichi, tukapaka ubao wa darasa. Nimefundisha ushairi miaka mingi juu ya ubao uliotiwa weusi kwa mawe yaliyokwisha kuimba redioni. Leo nisingewaruhusu watoto waguse vumbi lile kwa mikono mitupu.

Sasa nitaeleza jambo ambalo sikuwahi kuliandika.

Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha katika shule ya sekondari ya bweni, na mke wangu alikuwa muuguzi mkunga katika zahanati jirani isiyo na umeme. Nyumbani tulikuwa na tochi moja ya mawe mawili na redio ndogo, nayo ya mawe mawili. Mawe mapya tuliyopata kwa taabu yalikuwa ya tochi, na hilo lilikuwa sharti lake, kwa sababu usiku alikuwa akiitwa. Jioni moja palikuwa na kipindi cha mashairi redioni. Mawe ya redio yalikuwa yamechoka, sauti ya malenga ikawa kama inatoka chini ya maji. Nikabadilisha. Mawe mapya nikatia redioni, ya zamani nikatia kwenye tochi, nikijiambia kwamba kipindi kikimalizika nitayarudisha. Kipindi kilimalizika. Nami usingizi ukanichukua kitini.

Usiku wa manane mlango ukagongwa. Mke wangu akachukua tochi, akatoka mbio. Haikupita nusu saa mlinzi wa zahanati akarudi akihema: tochi imekata moto, mama aliyejifungua anavuja damu, na mwenye kushona haoni pa kushona. Sikuwa na muda wa kuhangaika na kifuniko gizani. Nilikimbia na redio kwapani. Nilimkuta mke wangu amepiga magoti, koroboi imeshikwa na bibi wa yule mama kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, moshi na kivuli vikicheza mahali palipohitaji kuonekana. Nikafungua redio, nikahamisha mawe, nikamulika, uso nimeugeuza ukutani. Akashona. Mama yule alipona, na mtoto akapona.

Asubuhi mke wangu hakunigombeza. Alinimiminia chai, akakaa, akauliza: "Mwalimu, mashairi yalikuwa mazuri?"

Yalikuwa mazuri, na sikuweza kumjibu.

Tangu siku ile suala la tochi halijawa dogo kwangu, na ndiyo maana naandika historia hii hadi mwisho wake wa leo. Betri ya kuchajiwa si ya jana. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza ya risasi na asidi mwaka 1859, na Msweden Waldemar Jungner ya nikeli na kadimiamu mwaka 1899, mwaka ule ule wa hataza ya Misell. Mwaka 1991 betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni. Upande wa mwanga, Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa LED ya buluu, iliyowezesha taa nyeupe zinazokula umeme kidogo. Tochi ikaingia hata kwenye simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyokuja na tochi kichwani, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Hapo Kiswahili kikafanya kazi yake: Tanzania simu ya namna hiyo tukaiita *kitochi*, na Wakenya wakaiita *mulika mwizi*. Hakuna kamati iliyoketi.

Ila kwa vipimo hatukuunda kitu, na hapa ndipo narudi dukani. Moto wa muuzaji una mambo matatu. Kuna msukumo wa umeme, unaopimwa kwa volti: jiwe la kawaida 1.5, la nikeli la kuchajiwa 1.2, seli ya lithiamu takriban 3.7. Kuna ujazo, kama maji ya mtungi, unaopimwa kwa miliampea-saa: ujazo wa 2,000 katika tochi inayotumia miliampea 200 huleta takriban saa 10. Na kuna wingi wa mwanga, unaopimwa kwa lumeni. Wati ni kasi ya kula umeme. Pasi hula kama 1,000. Tochi ya wati 8,000 ingekuwa pasi nane zinawaka kiganjani.

Mwenye maneno hayo hadanganyiki kirahisi. Seli ya lithiamu iitwayo 18650, jina lenye maana ya milimita 18 za upana na 65 za urefu, haizidi ujazo wa 3,600 hivi, na hukaribia gramu 45 hadi 50. Iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na mara nyingi wepesi wake mkononi huisaliti. Ukiweza, chagua tochi ambayo betri yake hutoka na ni ya ukubwa unaopatikana kila mahali, ili betri ikifa usitupe tochi nzima. Zile tochi za kuchomeka ukutani moja kwa moja mara nyingi huwa na betri ya risasi iliyofungiwa ndani. Ukiiacha tupu wiki kadhaa, salfeti huganda kwenye bamba zake, haishiki chaji tena. Zichaji kila baada ya matumizi. Za nikeli zitumie kwa jozi, usichanganye mpya na kuukuu. Za lithiamu usiziache juani wala ndani ya gari lililofungwa, wala usizichaji zikiwa zimevimba au kuchubuka. Alama ya IPX4 huonyesha tochi inastahimili kurushiwa maji. IPX7, kuzama mita moja kwa nusu saa.

Napendekeza basi, wapenzi wa lugha, tuzoeshe *msukumo*, *ujazo* na *wingi wa mwanga*, na tuliache *moto* libaki katika ushairi na jikoni. Anayeweza kuboresha maneno hayo na ayaboreshe.

Sikuinunua ile ya wati 8,000. Nilinunua nyingine ndogo, ya betri mbili za nikeli, na jozi ya ziada. Mke wangu amestaafu, lakini majirani bado humgongea mlango usiku. Tochi hukaa juu ya kabati upande wake wa kitanda. Redio yangu ina betri zake, na kila Jumapili jioni mimi ndiye ninayezichaji zote nne za tochi, ninazipima moja moja, na kuzirudisha mahali pake.