Jembe na Chungu katika Misioni ya Bagamoyo

Katika mwaka wa Jubilei wengi husimulia habari za makanisa na shule. Sisi twapenda kusimulia habari za jembe na chungu, kwa maana hapana watu wakaao pamoja pasipo chakula.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakafanya makao Bagamoyo, kaskazini ya mji. Walikuwa na watoto waliokombolewa utumwani, na vinywa vya kulishwa vilizidi kuongezeka. Ndiyo sababu wakatafuta ardhi ya kulima. Basi kazi ya shamba ikaenda pamoja na masomo na sala.

Watoto hao walitoka katika makabila mengi ya bara. Hawakuwa na lugha moja, wala jamaa moja, wala desturi moja ya kula. Kiswahili kikawafunga pamoja, na chungu kimoja kikawafanya ndugu. Kisha walipokua na kuoana, killa nyumba ikapewa kibanda na mahali pake pa kulima.

Wazee husema: Mchumia juani hulia kivulini. Lakini mtumwa huchuma juani, na mwingine hula kivulini. Jembe la mtumwa na jembe la mtu huru ni chuma kilekile. Tofauti ni mkono utakaotia ugali kinywani. Kwa hiyo kiwanja kile kidogo kilikuwa kitu kikubwa kwao.

Walakini tusifiche neno. Watu wa kijiji walidaiwa pia kazi katika mashamba ya misioni, chini ya amri za Mapadre, na wako waliochoka nayo wakaondoka. Hapo twajifunza kwamba haitoshi watu kulima pamoja; yawapasa pia kuwa na neno katika kugawa kazi na mavuno.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na Bagamoyo, ikaangusha nyumba na miti. Misioni ikajengwa tena. Hata mwaka 1877 jamaa za Wakristo wa Bagamoyo zikatumwa kuanza kijiji cha Mhonda. Baadaye zikafuata misioni za Mandera, mwaka 1881, na Morogoro, mwaka 1882. Watu waliopelekwa pwani katika minyororo wakarudi bara na majembe yao wenyewe.

Basi, ninyi walimu mlio na shamba la shule, nanyi wazee wa parokia, angalieni siku ya mavuno. Mtoto aliyelima na ale. Mjane na mgonjwa wasioweza kulima nao wapelekewe sehemu yao, wala wasingoje kuomba. Hapo ndipo shamba huitwa letu.