Nani Humpeleka Mtoto Shuleni?

Mara nyingi watu wakimwona mtoto aliyefaulu masomo husema, "Huyu amezaliwa na akili." Na yule aliyeshindwa husemwa kwamba hana kichwa. Maneno haya ni mepesi kuyatamka, lakini yana hatari, maana yatuondolea sisi wakubwa mzigo wetu. Kama akili peke yake yatosha, basi mzazi hana la kufanya, wala jirani, wala mwalimu. Kila mmoja na akae angoje aone mtoto atakuwaje. Yafaa basi, ndugu wasomaji, tutazame mambo yaliyotokea katika nchi yetu ya Mara, tuone kama ndivyo yalivyo.

Katika mwaka 1922 alizaliwa Butiama mtoto aliyeitwa Kambarage. Baba yake alikuwa Nyerere Burito, Mtemi wa Wazanaki. Mama yake Mugaya, mke wa tano katika wake 22 wa Mtemi. Mtoto huyo alikua kama watoto wenziwe wa nchi ile, akichunga mifugo, akisaidia kazi za shamba, akisema Kizanaki. Alifika umri wa miaka 12 asijue darasa. Sote twajua alivyokuwa baadaye: ndiye Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Lakini mwaka 1933 hapakuwa na mtu Butiama aliyeyajua hayo. Ile akili aliyozaliwa nayo alikuwa nayo tayari, nayo ilikuwa malishoni.

Ni nini basi kilichomtoa huko? Jambo la kwanza ni nyumba aliyozaliwa. Siku zile Waingereza waliitawala Tanganyika kwa mikono ya watemi, wakataka wana wa watemi wasome ili baadaye wawe wasaidizi wa utawala. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa kwa ajili ya vijana wa namna hiyo. Shule zilikuwa chache mno, na mlango ukiwa mwembamba, hupita kwanza wale wenye jina. Kambarage hakujichagulia baba. Lakini cheo cha baba kilimtengenezea njia kabla yeye mwenyewe hajaijua.

Jambo la pili ni jicho la mtu mzima. Yasimuliwa kwamba Makongoro, Mtemi wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Bunda, alikuwa rafiki wa Mtemi Burito, naye alizoea kumtembelea. Huko Butiama alicheza bao na Kambarage, akaona jinsi kijana anavyofikiri upesi na kuhesabu kete zake mbele kwa mbele. Akamshauri mwenziwe ampeleke mtoto huyu shule. Angalieni vema jambo hili. Bao si somo la darasani. Akili ya kijana ilijulikana kwa mchezo wa nyumbani, kabla hajaijua herufi hata moja, na ikajulikana kwa sababu mtu mkubwa alikubali kuketi na mtoto na kucheza naye.

Jambo la tatu ni shule yenyewe. Mwaka 1934 alipelekwa Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa maili 26 kutoka nyumbani. Huko alikuta Kiswahili, na baadaye Kiingereza, lugha ambazo hakuzinyonya kwa mamaye. Alikuta pia walimu waliomjali. Mmoja wao, James Irenge, hukumbukwa mpaka leo katika Mara. Na kwa kuwa ilikuwa shule ya bweni, alilala karibu na darasa. Kengele ilipolia hakuwa malishoni wala njiani. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Hapana shaka bidii ilikuwa yake mwenyewe. Lakini bidii yahitaji mahali pa kusimama, nayo ilipapata Mwisenge.

Sasa na tuwafikirie waliobaki. Mtemi Burito alikuwa na watoto wengi, na nchi ya Wazanaki ilikuwa na watoto wengi zaidi. Ni wangapi walikuwa hodari wa bao, wakacheza na watu wasiokuwa na rafiki mtemi? Hatuna majina yao. Historia huliandika jina la aliyekwenda shule; yule aliyebaki na mbuzi haandikwi popote, wala hasara yake haihesabiwi.

Na kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Binti alitazamwa kwa ng'ombe watakaoingia zizini siku ya kuolewa kwake. Kambarage mwenyewe, alipokuwa bado kijana, baba yake alimposea binti aliyekuwa mtoto mdogo, kama ilivyokuwa desturi. Hata hivyo palikuwa na nyumba zilizofikiri kwa namna nyingine. Mwaka 1930 alizaliwa Baraki, upande wa Tarime, binti wa Gabriel Magige, jina lake Maria. Yeye alipelekwa kwa masista wa Nyegina, karibu na Musoma, kisha akasoma Ukerewe, na huko Sumve akapata ualimu. Mwaka 1953 aliolewa na Julius Nyerere, naye tayari alikuwa mwalimu. Binti huyu hakufunguliwa mlango na utawala wa watemi. Ulifunguliwa na nyumba iliyokubali kumwachilia binti aende, na shule iliyokuwa tayari kumpokea. Moja ya hayo mawili lingalikosekana, la pili lisingalifaa kitu.

Miaka 40 baada ya Kambarage kuingia Mwisenge, mji ule ule wa Musoma ulipata jambo kubwa. Mwezi wa Novemba 1974 viongozi wa chama cha TANU walikutana huko, Nyerere akiwa Rais, wakaazimia kwamba kufika Novemba 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe amepata nafasi. Ndilo Azimio la Musoma. Maana yake ilikuwa kwamba mtoto asingoje tena kuwa mwana wa mtemi. Madarasa yakajaa, walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi ya ualimu huku wakiifanya vijijini. Mlango ulipanuliwa, na waliopita walikuwa wengi, ila ndani hawakukuta wote mwalimu wa kuwatazama mmoja mmoja. Baadaye ada zilirudishwa katika shule za msingi, zikaondolewa tena miaka ya mwanzo ya karne hii. Na tangu mwaka 2016 zimeondolewa hata kidato cha nne katika shule za serikali.

Basi leo ni nini kimzuiacho mtoto? Tukitazama vema tutaona kwamba kizuizi kingi kimehamia nyumbani. Kando ya ziwa mvulana huitwa na mitumbwi na dagaa. Bara huitwa na ng'ombe. Msichana hurudi shuleni akaandamwa na maji, kuni na wadogo zake, hata jua likachwa asifungue daftari. Wengine hupelekwa kwenye ukeketaji, ingawa sheria ya mwaka 1998 yakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, kisha huozwa. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua aruhusiwa kurudi shuleni. Lakini atarudi vipi, kama nyumbani hapana wa kumshika mtoto wake? Serikali yaweza kuondoa ada. Haiwezi kumpa mtoto saa moja ya jioni. Saa hiyo imo mkononi mwa mzazi.

Kwa hiyo tusiwaambie watoto kwamba wengine wana kichwa na wengine hawana, kabla hatujajiuliza tuliwapa nini. Je, mtoto ana saa ya kusoma? Je, mwalimu wake amjua kwa jina, na mzazi amjua mwalimu? Mambo haya hayahitaji mali nyingi.

Na asiye na mtoto asidhani kwamba hayamhusu. Makongoro hakuwa baba wa Kambarage, wala mwalimu wake. Alikuwa mgeni aliyecheza bao na mtoto wa rafiki yake, akaliona lililokuwa ndani yake, akaona si vema kulinyamazia.