Uchovu usiokwisha si sababu ya mgonjwa wa thairodi kujiongezea dawa

WAGONJWA wengi wa tezi ya thairodi hutarajia kurejewa na nguvu punde waanzapo kumeza tembe za homoni. Uchovu unapoendelea, baadhi yao hujiongezea dozi bila idhini ya daktari, hatua inayoweza kudhuru moyo na mifupa.

Tezi hii, iitwayo pia dundumio, iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutoa homoni za T4 na T3, ambazo huamua kasi ya mwili kutumia nishati. Inapozembea, mtu huchoka, huhisi baridi, huongeza uzani, hufunga choo na ngozi yake hukauka.

Mojawapo ya vyanzo vikuu ni maradhi ya Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Yalipewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari Mjapani aliyeyaeleza mwaka wa 1912. Wengine hupungukiwa na homoni baada ya tezi kuondolewa kwa upasuaji.

Tiba ya kawaida ni levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa viwandani. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Mwenye kilo 70, kwa mfano, huhitaji karibu maikrogramu 112. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishiwa maikrogramu 12.5 au 25, kisha huongezewa polepole.

Kusoma kipimo

Daktari huongozwa hasa na kipimo cha TSH, homoni ambayo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutumia kuiamrisha dundumio ifanye kazi. Hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. TSH ikiwa juu, maana yake ni kwamba homoni za thairodi hazitoshi. Ikiwa chini mno, dawa imezidi. Katika maabara nyingi, kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya 0.4 na 4.0.

Kiasi cha levothairoksini mwilini huchukua karibu siku 7 kupungua kwa nusu. Kwa hivyo, dozi mpya huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutulia, na ndiyo maana TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya mabadiliko. Anayebadilisha dozi kila wiki ni kama mpishi anayeongeza chumvi kabla ile ya kwanza haijayeyuka.

Jinsi ya kumeza

Kabla ya dozi kuongezwa, yafaa kuchunguza namna tembe inavyomezwa. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kiamshakinywa. Anayeteremsha tembe kwa chai ya maziwa au kahawa huzuia sehemu ya dawa kuingia katika damu.

Tembe za madini ya chuma, kalisiamu na baadhi ya dawa za kiungulia zinapaswa kutenganishwa nayo kwa muda wa saa 4. Aidha, rifampisini inayotibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, huufanya mwili kuitumia homoni kwa kasi zaidi, hivyo dozi huenda ikahitaji kupandishwa.

Vilevile, vidonge vya bayotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha vinaweza kupotosha matokeo ya maabara. Husitishwa angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

TSH ikiwa sawa

Wapo wagonjwa ambao TSH yao ni ya kawaida lakini bado wamechoka. Uchovu wao si wa kubuni, ila huenda chanzo chake si thairodi. Daktari hupaswa kuchunguza upungufu wa damu, ukosefu wa vitamini B12, kisukari, sonona, na tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini. Hedhi nzito, ambayo yaweza kuletwa na thairodi iliyozembea, humaliza madini ya chuma na kumwacha mwanamke hoi hata baada ya homoni kurekebishwa.

Baadhi ya madaktari huongeza T3 kwa wagonjwa wachache, lakini utafiti haujathibitisha kuwa mchanganyiko huo huwasaidia wengi kuliko T4 pekee.

Dawa ikizidi, moyo hudunda kasi na huweza kupoteza mpangilio wake, hali inayoongeza hatari ya kiharusi. Mifupa nayo hudhoofika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Ajabu ni kwamba dawa iliyozidi huleta pia uchovu, kwani mgonjwa hukosa usingizi na misuli hulegea. Akidhani dozi haitoshi na kuiongeza tena, huzidisha madhara.

Mjamzito hapaswi kungojea miadi yake ya kawaida. Mahitaji ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 30, na ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama katika miezi ya kwanza. Amwone daktari mara tu anapojua ana mimba.

Aendaye kliniki kwa sababu ya uchovu abebe matokeo ya TSH ya awali, tarehe dozi ilipobadilishwa mwisho, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kununua dukani.